Uvimbe Mgongoni, Dhambi ya Nani?

Katika vitabu vya hadithi, hasa Musnad ya Imamu Ahmad na Sunan ya Abu Dawud, imo habari ya mtu aliyeitwa Abu Rimtha. Alifika mbele ya Mtume Muhammad (s.a.w.) akiwa pamoja na baba yake, wapokezi wengine wanasema alikuwa na mwanawe. Mtume alikuwa amevaa nguo mbili za kijani. Kati ya mabega yake wageni wakaona nyama iliyoinuka, ile ambayo Waislamu wanaijua kuwa mhuri wa utume, na ambayo sahaba Jabir bin Samura aliifananisha na yai la njiwa. Mmoja wa wageni hao alikuwa tabibu, tena wa nyumba ya matabibu. Akafanya jambo ambalo tabibu yeyote angelifanya: akaomba aonyeshwe, na ikiwa ni uvimbe wa kukatwa, aukate na kuutibu. Mtume akamkatalia, akamwambia kwamba tabibu wake ni Yule aliyeuumba.

Mazungumzo hayakuishia hapo. Mtume aliuliza kama hao wawili ni baba na mwana, na alipojibiwa kwamba ndivyo, akawaeleza kuwa mwana hatabebeshwa kosa la baba, wala baba hatabebeshwa kosa la mwana.

Sehemu hizo mbili kwa kawaida husomwa mbalimbali. Abu Dawud mwenyewe alizitenga: habari ya tabibu aliiweka katika kitabu cha kuchana na kutunza nywele, kwa kuwa Abu Rimtha alitaja pia nywele za Mtume zilizopakwa hina, na maneno ya baba na mwana aliyaweka katika kitabu cha diya, kwenye hukumu za damu. Anayefungua mlango mmoja bila kufika wa pili hatajua kwamba uvimbe ulio jirani na uti wa mgongo na kauli kwamba kosa halirithiwi vinasimuliwa na mtu yule yule, katika safari yake ile ile. Ni hasara kubwa, kwa sababu hakuna mahali ambapo mambo hayo mawili yanahitajiana kama katika wodi ya wazazi.

Mtoto anazaliwa, analia vizuri, mkunga anamgeuza amfute. Chini ya mgongo, juu kidogo ya makalio, anakuta kifuko. Pengine kimefunikwa na ngozi. Mara nyingi kimefunikwa na utando mwembamba unaong'aa, na ndani yake mna maji na mishipa ya fahamu. Hali hii, hospitalini na mtaani, inaitwa mgongo wazi. Miguu ya mtoto huenda haichezi. Kwa wengi wa watoto hawa, kichwa nacho huanza kukua upesi baada ya siku au wiki chache, kwa kuwa maji ya ubongo hayapati njia ya kutoka, ndiyo maana wazazi na madaktari huyataja mambo hayo kwa pamoja: kichwa kikubwa na mgongo wazi.

Kabla kidonda hakijafunikwa, maswali yamekwisha kufika. Mama alivunja mwiko gani? Alimcheka mlemavu njiani? Baba amedhulumu mali ya nani? Nani kamroga? Mama mkwe anasema kwamba kwao jambo kama hili halijawahi kutokea, na maneno hayo yanatosha kumweka mke upande mmoja na ukoo mzima upande wa pili. Wako akina baba wanaotoka siku hiyo wasirudi tena. Na mama, hata akiwa peke yake usiku, hataacha kujiuliza amemkosea nini Mungu.

Swali lake ni la kale. Katika sura ya 9 ya Injili ya Yohana, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu. Hawaulizi anakula wapi wala nani anamshika mkono njiani. Wanachotaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anayakataa majibu yote mawili, kisha anatema mate chini, anafanya tope, na kazi inaanza. Karne sita hivi kabla ya hapo, nabii Ezekieli, akiwa uhamishoni Babeli pamoja na watu wake, alitumia sura nzima ya 18 kuipinga methali waliyokuwa wakiitumia, ile ya akina baba kula zabibu mbichi na watoto kufa ganzi ya meno. Qurani nayo inarudia katika sura tano tofauti kwamba hakuna nafsi inayobebeshwa mzigo wa nafsi nyingine, na ndiyo maneno ambayo, katika riwaya ya Abu Rimtha, Mtume aliyasoma mbele ya baba na mwana.

Maandiko hayasemi yote kwa sauti moja, na haifai kujifanya kwamba yanasema. Kitabu cha Kutoka, katika sura ya 20, kinataja uovu wa baba kuwafikia watoto mpaka kizazi cha tatu na cha nne. Mambo ya Walawi 21 inamtaja waziwazi mwenye kibyongo miongoni mwa wana wa Haruni wasioruhusiwa kusogea madhabahuni kutoa sadaka. Mhubiri anayetaka kumhukumu mama ataupata mstari wa kumhukumu. Lakini akiendelea kusoma mpaka mstari wa 22 atakuta kuhani huyo huyo anakula chakula cha Mungu wake, hata kile kitakatifu sana. Hakuondolewa mezani, na hakuna neno kwamba mgongo wake ulipinda kwa kosa la mtu. Ezekieli pia alikuwa kuhani. Torati aliijua vizuri alipoandika aliyoyaandika. Safari ya maandiko hayo, ukiyafuata kwa mpangilio wa wakati, inatoka kwenye hesabu ya ukoo na kuelekea kwa mtu mmoja mmoja anayesimama na matendo yake mwenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo wanaouita mgongo wa mtoto huyu laana wangepaswa kulifikiria. Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inasema kwamba mwili wote wa mwanadamu utaoza isipokuwa mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo, ule wa kitako, na kwamba kutoka hapo ataumbwa upya siku ya kufufuliwa. Wayahudi wanao mfupa wao, luz, na masimulizi ya marabi yanaeleza jinsi Rabi Yehoshua ben Hananiah alivyomwonyesha Kaisari Hadriano kwamba mfupa huo hausagiki kwa jiwe wala hauungui kwa moto. Mtu aweza kuichukua habari hii kama fumbo au kama ilivyo. Vyovyote vile, mapokeo haya mawili yaliutazama uti wa mgongo, pale pale ambapo kifuko cha mgongo wazi hutokea, yakaweka hapo ahadi ya kufufuka.

Sasa, kama sababu si dhambi, ni nini?

Uti wa mgongo hutengenezwa mapema mno. Katika wiki ya tatu baada ya mimba kutungwa, kiumbe ni utando bapa wa milimita chache. Utando huo hujikunja mithili ya mkeka unaoviringishwa, kingo zake zikakutana na kuwa mrija. Sehemu ya juu itakuwa ubongo, ya chini itakuwa uti wa mgongo. Kufikia siku ya 28 mrija unatakiwa uwe umefungika wote. Ukibaki wazi upande wa chini, pingili za mgongo zilizotakiwa kuufunika hazikutani, na hapo ndipo kifuko kinapojitokeza. Siku ya 28 ni wakati ambapo mwanamke ndiyo kwanza anajiuliza kwa nini hedhi imechelewa. Wengi hawana hata wazo kwamba wana mimba.

Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitoa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vituo 33 vya nchi 7. Ulihusisha wanawake 1,817 ambao mimba zao za nyuma zilikuwa zimepata tatizo hili. Katika mimba 1,195 ambazo matokeo yake yalijulikana, watoto 27 walikuwa na kasoro ya mrija huo: 6 kwa akina mama waliopewa asidi ya foliki, na 21 kwa wasiopewa. Kinga ilikuwa asilimia 72. Vitamini hiyo imo katika mboga za majani na kunde, ila kwa kiasi ambacho mara nyingi hakitoshi, na mapishi marefu huipunguza.

Huo ni ushahidi mzito na umeokoa watoto wengi. Lakini una hatari yake, nayo ni kwamba lawama iliyotolewa kwa mlango wa mbele inaweza kurudi kwa mlango wa nyuma. Mama aliyekuwa akiambiwa amelaaniwa sasa anaambiwa hakumeza vidonge. Anayemwambia amevaa koti jeupe, kwa hiyo maneno yake yanaingia ndani zaidi. Hesabu yenyewe inamtetea mama huyu. Vidonge vya kuongeza damu, fefo, hutolewa kliniki, na akina mama wengi hufika kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi mitatu, minne au zaidi. Vinasaidia damu yake. Kwa mrija uliokwisha kufungika, au kukataa kufungika, tangu mwezi wa kwanza, vimechelewa. Tena hata katika utafiti wa 1991, watoto 6 walipata tatizo ingawa mama zao walipewa vitamini hiyo. Zipo sababu nyingine: urithi, kisukari kisichodhibitiwa, baadhi ya dawa za kifafa ambazo mwanamke hapaswi kuziacha bila daktari lakini pia hapaswi kupewa bila kuelezwa. Sababu ni kitu kimoja, lawama ni kitu kingine. Kujua jambo limetokana na nini hakumpi mtu yeyote ruhusa ya kunyoosha kidole, na makosa mengi ya dini na ya tiba katika suala hili yanatokana na kuvichanganya vitu hivyo viwili.

Kama kuna anayewajibika, ni jamii nzima, na wajibu huo umo katika unga. Marekani na Kanada ziliweka asidi ya foliki katika unga wa ngano kwa lazima mwaka 1998, na watoto wanaozaliwa na tatizo hili wakapungua. Tanzania ilitunga kanuni za kurutubisha unga mwaka 2011, Kenya ikafuata mwaka 2012. Tatizo ni kwamba watu wengi hawali unga wa viwanda vikubwa. Wanapeleka mahindi yao kwenye mashine ya kusaga ya mtaani au kijijini, wanarudi na dona au sembe ambayo haijaongezwa chochote. Sheria ipo, na mtungi wa unga nyumbani haujui kama ipo.

Tabia ya kutafuta wa kulaumiwa haikai Afrika Mashariki peke yake wala haimwandami mama peke yake. Antonio Gramsci, mwanafalsafa wa Italia aliyezaliwa Sardinia mwaka 1891, alianza kupata kibyongo akiwa mtoto mdogo. Familia yake iliamini kwamba mtumishi wa nyumbani alimwangusha. Walimfunga mikanda na kumning'iniza kwenye boriti la dari wakitumaini mgongo utanyooka. Haukunyooka. Akiwa mtu mzima, mfungwa wa serikali ya Mussolini, daktari alitambua kwamba ugonjwa wake ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, kile ambacho Percivall Pott wa London alikieleza mwaka 1779, zaidi ya miaka 100 kabla ya Robert Koch kukigundua kijidudu chake mwaka 1882. Yule mtumishi, ambaye historia haikuhifadhi utetezi wake, alibeba kosa la bakteria. Nyumba ngapi Dar es Salaam, Mombasa au Kampala zimemfukuza dada wa kazi kwa neno hilo hilo, kwamba alimwangusha mtoto?

Kifua kikuu cha mgongo kinastahili kutajwa kwa mkazo, kwa sababu kinapona. Huanza kwa maumivu ya mgongo yasiyoisha, jasho la usiku, kukonda. Kisha pingili moja au mbili huliwa na kuporomoka, na nundu ngumu hutokeza katikati ya mgongo. Miguu ikianza kuwa mizito au kufa ganzi, hakuna siku ya kupoteza. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali, na matibabu huchukua miezi mingi. Kuna pia vivimbe ambavyo havina neno lolote. Kinundu laini chini ya ngozi, kinachoteleza ukikigusa, kisichouma, kilichokaa miaka bila kubadilika, mara nyingi ni mafuta tu. Kinachofaa ni kumwonyesha mganga wa zahanati na kuendelea na maisha. Ila kwa mtoto mchanga mwenye uvimbe, kishimo kirefu au kishungi cha nywele katikati ya mgongo, hospitali haikwepeki, hata kama anacheza vizuri.

Na kifuko cha mgongo wazi hakitobolewi. Nicolaes Tulp, daktari wa Amsterdam ambaye Rembrandt alimchora mwaka 1632 akifundisha juu ya maiti, aliandika kuhusu watoto hawa katika toleo la 1652 la kitabu chake na kuwaonya wenzake wasikifungue. Karibu karne nne baadaye bado wapo wanaokichoma kwa sindano, wanaokipaka majivu au dawa za miti. Vijidudu huingia moja kwa moja kwenye uti wa mgongo na kupanda hadi kwenye ubongo. Mtoto alazwe kwa tumbo au ubavu, kifuko kifunikwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi ya chumvi ya hospitali, asafirishwe haraka. Madaktari wa upasuaji hupenda kukifunga ndani ya siku mbili tatu za kwanza.

Siku mbili tatu! Hapo ndipo swali la dini linapogeuka kuwa swali la saa. Familia inayokaa wiki tatu ikitafuta nani karoga, au ikifunga na kusali ili uvimbe uyeyuke, imetumia wakati ambao haukuwa wake kuutumia. Na wako wanaolishika jibu la Mtume kwa yule tabibu, kwamba tabibu ni Muumba, wakalifanya hoja ya kukaa nyumbani. Wanalisoma vibaya. Kilichokuwa kati ya mabega ya Mtume hakikuwa ugonjwa. Kilikuwa alama ambayo sahaba Salman Mfarsi aliitafuta na kuitambua. Bedui walipomjia Mtume kumuuliza waziwazi kama watumie dawa, riwaya ya Usama bin Sharik, iliyomo pia katika Abu Dawud, inasema aliwaamrisha wajitibu, kwa kuwa Mungu hakuweka ugonjwa bila kuuwekea dawa, isipokuwa uzee. Kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho Wakatoliki wanacho katika Biblia yao, kinataka daktari aheshimiwe kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka.

Injili ya Luka, sura ya 13, ina mwanamke ambaye mgongo wake ulikuwa umepinda kwa miaka 18, hawezi kujiinua. Injili inasema alikuwa amefungwa na Shetani. Haisemi alitenda nini, na Yesu haulizi. Anamwita, anamwekea mikono, mwanamke anasimama. Mkuu wa sinagogi anakasirika: siku za kazi ni sita, mtu aje siku hizo kuponywa, si Sabato. Hoja yake haikuwa ya kikatili. Alikuwa anaomba subira ya siku moja tu baada ya miaka 18. Yesu anamjibu kwamba kila mmoja wao humfungua ng'ombe au punda wake siku ya Sabato akamnyweshe, sembuse binti wa Ibrahimu. Hata siku moja ya utaratibu mtakatifu hakukubali iwekwe kati ya mgonjwa na tiba.

Lipo swali la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza. Mtoto akishafika hospitali, je, atibiwe? Uingereza, katika mji wa Sheffield, miaka ya 1960 watoto wote wenye mgongo wazi walianza kufanyiwa upasuaji. Mwaka 1971 daktari wa watoto John Lorber alichapisha uchambuzi wa wagonjwa 524. Aliona wengi wamebaki na ulemavu mkubwa, akapendekeza kwamba wenye dalili mbaya zaidi, kama kupooza sana, kichwa kilichokwisha kuwa kikubwa mno au mgongo uliopinda tangu kuzaliwa, wasifanyiwe upasuaji. Lorber hakuwa mtu wa moyo mgumu. Alikuwa amewafuatilia watoto hao kwa miaka. Aliyempinga alikuwa katika mji huo huo: Robert Zachary, daktari wa upasuaji, Mkatoliki, ambaye mgongo wake mwenyewe ulikuwa umepinda vibaya tangu zamani. Hakuna haja ya kuongeza chumvi. Mtu mwenye kibyongo alikuwa amesimama kwenye chumba cha upasuaji akiwafunga watoto migongo, wakati wenzake wakijadili kama mgongo uliopinda ni sababu ya kutomtibu mtu.

Mjadala ulihamia Uholanzi. Mwaka 2005 madaktari wa Groningen, Eduard Verhagen na Pieter Sauer, walichapisha utaratibu wa kukatisha maisha ya watoto wachanga wenye mateso yasiyovumilika. Kesi 22 zilizokuwa zimeripotiwa kwa waendesha mashtaka katika miaka saba zilikuwa zote za mgongo wazi. Rob de Jong, daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Rotterdam, alijibu mwaka 2008 kwamba mateso hayo yasiyovumilika hayaonekani kwa watoto hao wakati wa kuzaliwa. Kilichoogopwa kilikuwa maisha yao ya baadaye, jinsi watu wazima walivyoyawazia.

Jibu linalopendwa ni kuwataja walioshinda. Tanni Grey-Thompson alizaliwa Cardiff mwaka 1969 akiwa na mgongo wazi. Alipata medali 11 za dhahabu za Paralimpiki, na tangu 2010 anakaa katika Bunge la Mabwana la Uingereza. Ni kweli na inafurahisha, ila hoja hiyo inabeba sumu ndani yake, kana kwamba mtoto lazima aje alipe kwa medali kibali cha kuishi. Hakuna anayemuuliza mtoto mwingine yeyote wodini atashinda nini. Waswahili wanasema hujafa hujaumbika, na methali hiyo inamweka mwenye miguu mizima na asiye nayo katika hali moja, wote wakiwa kazi ambayo Mungu hajaikamilisha.

Afrika Mashariki haina utaratibu wa kuamua kama ule wa Groningen. Uamuzi unafanywa na nauli, na umbali, na aibu. Waliolichukulia swali kwa uzito wamelijibu kwa mikono. Mwaka 1955 John Holter, fundi mitambo wa Marekani, alipata mtoto mwenye mgongo wazi na kichwa kikubwa. Akakaa karakanani kwake hadi akabuni vali ya kupitisha maji kutoka kwenye ubongo kwa mpira mwembamba, na kuanzia 1956 vali yake ikaenea duniani. Mpira huo huziba, na mtoto wa kijijini aliye mbali na daktari bingwa hufa ukiziba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika hospitali ya watoto ya CURE huko Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf alianza kutumia kamera ndogo kuyafungulia maji njia nyingine ndani ya ubongo na kuunguza sehemu inayoyatengeneza, ili watoto wengi wasihitaji mpira kabisa. Njia iliyozaliwa Mbale sasa inatumika hata Marekani. Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, Bugando kule Mwanza na Kijabe nchini Kenya zinawapasua watoto hawa.

Warf na wenzake waliwafuatilia watoto wa Uganda baada ya upasuaji. Waliotoka wilaya zenye huduma ya utengamao katika jamii, ambako mhudumu anafika nyumbani, walinusurika zaidi kuliko waliotoka wilaya zisizo na huduma hiyo, ingawa upasuaji ulikuwa ule ule. Kilichowatofautisha ni jirani aliyefundishwa. Maana baada ya kisu kuna miaka: mama kujifunza kutoa mkojo wa mtoto kwa mpira mdogo kila baada ya saa chache ili figo zisiharibike, kukagua vidonda ambavyo mtoto hasikii maumivu yake, kutafuta shule ambayo mwalimu mkuu hatasema choo hakimfai.

Misikiti na makanisa yana nafasi hapa ambayo hata Wizara ya Afya haina. Kliniki inamwona mwanamke akiwa na mimba ya miezi mitatu. Padri na mchungaji wanamwona kabla, pamoja na mchumba wake, katika mafundisho ya ndoa. Sheikhe anakaa na bwana harusi kabla ya nikahi. Somo anamfunda mwali siku kadhaa, na hakuna siri ya mwili ambayo ni mwiko kati yao. Hao wote wanazungumza kabla ya siku ile ya 28. Wanaweza kueleza kwamba mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku zianze angalau mwezi mmoja kabla ya mimba, na kwamba aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji kipimo kikubwa zaidi atakachoandikiwa na daktari. Si kila mimba inaanzia kwenye ndoa, kwa hiyo mashine za kusaga za mitaani bado zinahitaji virutubishi. Na bwana harusi, akiwa ameketi hapo hapo anasikia, aambiwe pia yale aliyoambiwa Abu Rimtha kuhusu baba na mwana, pamoja na jina la hospitali ya karibu inayofunga migongo na nauli ya kufika huko.